Mama Mkwe Mbele ya Cherehani

Thadei Luambano ni fundi cherehani, na ukitaka kumpata usihangaike kuuliza namba ya nyumba. Ukifika Ruhuwiko, hapa Songea, ingia barabara ya vumbi inayopita kando ya duka la Abdulswamadu, kisha tega sikio. Utasikia cherehani, halafu utasikia mtu anagombana na cherehani. Huyo ndiye. Ni mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, anashona sare za shule, majoho ya kwaya na magauni ya Komunyo ya kwanza, na tangu azaliwe hajawahi kumaliza nguo siku aliyoahidi. Ukimkemea anakwambia, "Mpendwa, nguo ya haraka hupasuka kanisani." Utafanyaje? Unakaa kwenye benchi unasubiri, na huko kusubiri ndiko anakokutaka, maana Thadei anapenda wasikilizaji kuliko wateja.

Sasa mtu mwenye mdomo wa namna hiyo anaogopa nini duniani? Mwenyekiti wa mtaa hamwogopi, paroko hamwogopi, hata mama wa kwaya aliyesubiri joho lake kutoka Kwaresima mpaka Pentekoste hakumtetemesha. Anaogopa mtu mmoja tu: bibi mwembamba wa kijiji cha Maposeni, jina lake Lidwina, mama mzazi wa mkewe Getruda.

Na wala bibi mwenyewe si mkali. Ni mambo ya adabu. Kwa Wangoni waliolelewa kizamani, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja wao anajiingiza kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Vijana wa siku hizi wanapiga picha na mama wakwe zao, wameshikana mabega, meno yote nje. Shauri yao! Thadei alioa kwa utaratibu, na ndoa yake imezeeka bila yeye kuijua vizuri sura ya aliyemzalia mke. Anamjua kwa kikohozi cha upande wa pili wa ukuta, na anamjua kwa visigino.

Basi ikaja habari ya miti.

Barabara ile ilikuwa kipara. Kiangazi vumbi mpaka kwenye chai, masika tope mpaka kitandani. Miaka ya nyuma watu fulani walikuja na magari, wakapanda miche, wakapigwa picha wameshika majembe, wakaondoka. Mbuzi wakamalizia sherehe. Tangu hapo ukitaja miti pale mtaani watu walikuwa wanakuangalia kama umetaja mkopo.

Aliyewaamsha ni Mwalimu Judica, mama wa Kichaga aliyehamishiwa Songea kufundisha, akapanga nyumba inayotazamana na baraza la Thadei. Mwanamke huyo hana simile. Aliwakusanya akina mama wa jumuiya, akawakusanya wanaume waliotoka kuswali Ijumaa, akawakalisha wote pamoja kwenye mikeka na kuwauliza miche ya zamani ilikufa kwa sababu gani. Kila mtu akamtaja mbuzi.

"Hapana," akasema Judica. "Ilikufa kwa sababu haikuwa ya mtu. Safari hii kila nyumba ina mti wake, na kila mti utapewa jina la mama. Mama mzazi, bibi, yeyote mnayemheshimu. Nitaona nani atakubali mama yake akauke barabarani watu wanapita."

Wanawake walipiga vigelegele. Mzazi ndiye huyo tena, nani angebisha? Abdulswamadu mwenye duka, Myao wa Tunduru, akauita mti wake Biasha, jina la mama yake, Mwenyezi Mungu amrehemu. Imaculata, jirani wa ukuta mmoja na Thadei, akamtaja bibi yake Notburga. Miche ya mijakaranda ikaletwa kutoka Peramiho, mashimo yakachimbwa na kujazwa samadi, na Judica akaandika majina kwa rangi nyeupe kwenye vibao.

Siku hiyo Thadei hayupo. Alikwenda Mjini kutafuta uzi, na Thadei akienda kutafuta uzi hukutana na watu. Asiyekuwepo na lake halipo. Aliporudi jioni alikuta mche umesimama mbele ya baraza, hatua chache tu kutoka kwenye cherehani yake, umechomekewa kibao kinachomtazama yeye: LIDWINA.

Uzi ukamdondoka. Akageuka akatazama pembeni, hapo hapo, kwa mazoea.

"Mama Derick," akaita, mgongo kwa mti. "Mama Derick, umefanya nini?"

"Nimempa mama heshima," Getruda akajibu kutoka ndani.

"Heshima gani ya kumsimamisha mtu mbele ya cherehani yangu?"

"Ulitaka nimsimamishe uani, karibu na choo?"

Thadei akaomba kibao kibadilishwe, liandikwe jina la mama yake mwenyewe. Getruda akasema jina likishatolewa limetolewa, na kama yeye ana ubavu wa kumng'oa mama Lidwina kwa mikono yake, jembe lile pale. Thadei akalitazama jembe, akaingia kulala.

Toka siku ile maisha ya fundi yaliharibika. Alikuwa amezoea kula barazani, bakuli gotini, mguu mmoja juu ya stuli. Sasa utakulaje mbele ya mama mkwe? Akahamia jikoni kula kwenye moshi. Alikuwa amezoea kuvua shati jua likichoma na kubaki na singlendi. Sasa akashona amefunga vifungo mpaka kooni, jasho linamtiririka kwenye vitambaa vya watu. Na zile hadithi zake za safari za kwaya, ambazo kwa kweli hazifai kusikiwa na mama wa mtu yeyote, akawa akifika mahali penyewe anashusha sauti, wateja wanasogeza benchi kumsikia, na utamu wote unamwagika. Mwishowe akaigeuza cherehani, akawa anashona akitazama ukuta. Watu wakaleta nguo zao wakazungumza na mgongo.

"Fundi, mbona umeununia mti?" Judica alimuuliza siku moja. "Unakuja vizuri kuliko yote."

"Mwalimu," akasema Thadei, "huo si mti."

Judica akacheka, akadhani ni mzaha wa fundi. Hakuna aliyemweleza mambo ya mkwe. Wangemwelezaje wakati wao wenyewe wanafurahia? Aliyefurahi kuliko wote ni Abdulswamadu, kwa sababu Myao na Mngoni ni watani tangu mababu walipochoka kupigana, na mtani hakosi la kusema. Kila asubuhi akifungua duka aliita kutoka ng'ambo: "Mngoni! Mkweo ameamka kabla yako, huoni aibu?"

Mpaka hapo ilikuwa kicheko. Mwezi wa tisa, jua limekomaa na visima vimeshuka, ikaja simu kutoka Maposeni: mama Lidwina hawezi kuvuta pumzi, amelazwa hospitali ya Peramiho, ni nimonia. Getruda alifunga kanga mbili na sufuria moja kwenye mfuko, akasimama mlangoni.

"Mti nakuachia," akasema.

"Unaniachia mimi?"

"Nani mwingine? Derick yuko Makambako na kazi yake. Nimekuwa nikimwagilia mimi miezi yote hii."

"Mimi simsogelei mama, unajua."

"Basi na akauke!"

Alipolisema akajishika mdomo. Wakabaki wanatazamana, mume na mke, na bibi wa watu yuko wodini anahema kwa shida. Getruda akaondoka bila kuaga. Thadei aliogopa, tena aliogopa sana, na kuanzia saa ile hakuwa na wazo jingine kichwani: mti ule usife kabla bibi hajapona.

Tuelewane. Thadei ni Mkatoliki, Nasadiki anaisali bila kukwama, na hakuna mahali kwenye Nasadiki panapotaja mijakaranda. Alijiambia mti ni mti na mtu ni mtu. Lakini kesho yake aliona, kwa pembe ya jicho, jani la chini limekuwa njano, na chai haijapoa Getruda akapiga simu kusema mama kaamkia vibaya. Imani nayo ina mipaka yake, jamani.

Akaenda kwa Imaculata. "Jirani, naomba unimwagilie ule mti."

"Bibi Notburga wangu peke yake ananimalizia maji," akasema Imaculata. "Halafu fundi, mama mkwe akiugua anauguzwa na mkwewe, hauguzwi na jirani."

Ikabidi amwagilie mwenyewe. Alingoja barabara itulie, akashika ndoo, akauendea mti kinyumenyume, macho ameyakaza kwenye mlango wa nyumba yake. Alipohisi amefika akaimwaga ndoo kwa nyuma, kati ya miguu. Nusu ya maji ilikwenda kwenye mti, nusu kwenye suruali. Kugeuka, kumbe barabara haijatulia hata kidogo. Duka zima la Abdulswamadu lilikuwa nje, wenye unga na wenye mafuta ya taa, wanatazama.

"Mngoni kajikojolea kwa mkwewe!" akatangaza Abdulswamadu, na yule aliyekuwa anapimiwa sukari akaimwaga.

Thadei hakuacha. Kila siku kinyumenyume, kila siku suruali. Na kwa kuwa kile kibao kilimnyima raha akifanya kazi hiyo, alitafuta kipande cha kitambaa akakifunika. Bahati mbaya kilichokuwa karibu ni kitambaa cheupe cha magauni ya Komunyo. Imaculata alipofungua dirisha akapiga yowe.

"Thadei! Mtu yuko hospitali, unamfunika shuka jeupe? Unamtakia nini?"

"Yesu na Maria," akasema Thadei, akakinyakua kitambaa macho amefumba. Akaweka cha kitenge chenye maua. Wakasema sasa anamvika mama mkwe nguo. Akakitoa, akaacha kibao kimtazame. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Lakini mti ulishika. Jani la njano likaanguka, likachipua jingine kijani laini. Thadei akawa anauchungulia mara nyingi kuliko adabu inavyoruhusu, kupitia kioo kidogo cha wateja alichokitundika ukutani mbele yake, maana kumtazama mkwe kwenye kioo hakuna mzee aliyewahi kukukataza. Akiona majani yamesimama, anashona. Akiona yamelala mchana, hashoni.

Siku ya mambo yenyewe, simu ya Getruda haikupatikana tangu asubuhi. Thadei alipiga, akapiga. Yule dada wa kwenye simu akamjibu kwa upole uleule kwamba namba unayopiga haipatikani, mpaka akamtukana, mtu asiye na kosa. Joto lilikuwa kali, roho haitulii, na bila kufikiri alivua shati. Alikuwa anapiga kwa mara nyingine alipoona kwenye kioo kitu kinatikisa mti.

Beberu la Abdulswamadu lilikuwa limekata kamba, limevunja fito zilizouzungushia mti, na limeshakamata tawi la juu kwa meno.

Thadei alipiga kelele ambayo watu wa mtaani wanaiiga mpaka leo. Aliruka benchi, akaliangusha. Hakwenda kinyumenyume. Alikwenda mbele, macho wazi, akapiga magoti kwenye tope lake mwenyewe, akaukumbatia mti kwa mikono yote miwili, kifua na kitambi na singlendi, akauingiza kwapani kama mtoto. Mbuzi alipokosa majani akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa, akampiga fundi makalioni. Thadei hakuachia. Mbuzi akampiga tena.

"Niue mimi!" Thadei alimwambia mbuzi. "Mama humgusi! Niue mimi kwanza!"

Watu walikuja wanakimbia. Abdulswamadu alikamata mbuzi wake kwa pembe, na hata hapo ulimi haukumlalia. "Mbuzi wangu alikuja kumjulia hali mgonjwa tu," akasema. "Jamani njooni muone, Mngoni kamkumbatia mama mkwe mchana kweupe, tena na singlendi!"

Judica naye alikuwa ameshatoka na simu mkononi kabla mbuzi hajakamatwa, machozi yakimlengalenga kwa furaha. Hajui hili wala lile, mama wa watu. Alikuwa amepiga picha inayoonyesha kila kitu, mbuzi anampiga fundi makalioni, na kibao kinasomeka herufi kwa herufi, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na maneno haya: "Mlezi bora wa mwezi! Tuige upendo wa fundi Thadei kwa LIDWINA."

Getruda yumo kwenye kundi. Thadei bado yuko magotini simu ikaita.

"Baba Derick," sauti ya Getruda ikasema. "Umemkumbatia mama?"

"Nimekumbatia mti."

"Kibao kinasemaje?"

Thadei akakitazama kibao. Halafu akauliza alichokuwa anaogopa kuuliza. "Mama anaendeleaje?"

"Amekunywa uji, kamaliza kikombe. Simu ilizima chaji, ndiyo maana hukunipata. Nilipoiwasha tu ikaingia hiyo picha." Getruda akavuta pumzi. "Ameiona na yeye. Nilikuwa nimekaa karibu naye, sikuwahi kuificha."

"Kasemaje?"

"Hajasema kitu. Kaomba simu, kageukia ukutani."

Heri mbuzi angemuua. Mama amepona, Mungu ashukuriwe, lakini yeye Thadei Luambano ataiweka wapi sura yake? Adabu aliyoitunza ndoa nzima imekwisha kwa singlendi moja. Atasema nini Maposeni? Bibi akikasirika akamwita binti yake arudi nyumbani, nani atamlaumu? Alinunua jogoo mkubwa wa kuombea radhi, akamfunga miguu jikoni, akawa anangoja hukumu. Usiku hakulala, jogoo naye hakumwacha alale.

Kutoka hospitali mpaka Maposeni si mbali, lakini bibi Lidwina aliporuhusiwa alikataa katakata kupelekwa nyumbani kabla hajaiona barabara iliyozungumzwa wodi nzima. Gari la kukodi likasimama mbele ya baraza. Thadei aliona visigino vinashuka, akavitambua, akatupa nguo ya mtu chini, akakimbilia ndani, akajibana nyuma ya mlango na jogoo kwapani.

Bibi alitembea polepole ameshikwa mkono na Getruda, akaketi kwenye benchi la wateja, lililosogezwa karibu na mti. Watu walishakusanyika, unadhani wangekosa? Imaculata yupo, Judica yupo na soda ya mgonjwa, Abdulswamadu kaacha duka wazi. Bibi akautazama mti juu mpaka chini. Akalishika lile tawi lililotafunwa na mbuzi.

Mkwe na mama mkwe wakiwa na la kuambiana hutafuta mtu wa kupitishia maneno. Getruda alikuwa tayari, amesogeza sikio. Bibi hakumtumia. Aliugeukia mti.

"Lidwina," akauambia, "mwambie mkwe wangu nimeiona ile picha."

Nyuma ya mlango jogoo akalalamika. Mtu akaguna, akajizuia.

"Mwambie niliitazama mpaka simu ikaisha chaji, huyu binti akanigombeza."

Hapo Abdulswamadu akaangua kicheko, na wengine wakamfuata. Bibi akawangoja wamalize, hana haraka.

"Mwambie, tangu baba yao afariki, watoto wangu hawajanitupa. Wananiletea sukari, wananiletea chumvi, wananinunulia dawa, Mungu awabariki wote. Wakija wananipa kiti, wanakaa mbali kwa heshima. Mtu ukishazeeka hukumbatiwi tena, unapewa kiti." Akavuta hewa, pumzi bado haijamrudia vizuri. "Sasa nimelala pale wodini naletewa picha. Naona jina langu. Naona mtu kanikumbatia, kanishika kwa nguvu zote, mbuzi anampiga na haniachii. Nikalia. Mwambie nililia kwa sababu kuna mahali nilikumbatiwa hivyo, na mimi mwenyewe sikuwepo."

Hakuna aliyecheka. Abdulswamadu akatazama viatu vyake. Judica, ambaye sasa ndiyo kwanza anaanza kuelewa alichokifanya na ile simu yake, akamshika Imaculata mkono.

Watu wakangoja fundi ajibu. Mtu mwenye maneno yote yale! Kilichotoka mlangoni ni jogoo, anaburuta kamba, na nyuma yake akatoka Thadei, kichwa ameinamisha, hamtazami mtu. Akazunguka benchi mbali, akaufikia mti kwa upande wa pili, akakaa chini kwenye vumbi na kuupa mgongo. Bibi akaachia mkono wa Getruda, akateremka kwenye benchi polepole, na yeye akakaa chini, mgongo kwa mti. Wakakaa hivyo, mkwe na mama mkwe, hawatazamani, hawagusani, adabu yote imezingatiwa, na kila mmoja akisikia mwenzake anavyolia. Mti wenyewe katikati yao ulikuwa mwembamba kama ufito. Haukumficha mtu yeyote.